Simu ya vitufe mjini Goma: zaidi ya miaka ishirini mkononi

Simu ya vitufe ni simu ya mkononi yenye kioo kidogo, vitufe vya namba, betri inayotolewa kwa ukucha na kazi chache: kupiga, kupokea, kuandika ujumbe mfupi, kuamsha asubuhi na kumulika gizani. Tanzania huitwa kitochi au kiswaswadu, Kenya mulika mwizi, Uganda katochi. Katika mji wa Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, simu ya aina hiyo imedumu mikononi mwa watu kwa zaidi ya miongo miwili, na baadhi ya zile zinazoendelea kulia leo zina umri mkubwa kuliko vijana wanaozitengeneza. Ufukara ni sababu mojawapo, ila hautoshi kueleza jambo lote. Katika kipindi hicho Goma imechomwa na volkano, imetekwa na waasi mara mbili na imelala gizani mara zisizohesabika, na kila msukosuko ulikuwa mtihani kwa vyombo vya mawasiliano. Simu nyeti zilifeli. Ile nyepesi ilipita.

Kabla ya simu za mkononi, mawasiliano ya mbali mashariki mwa Kongo yalikuwa ya foni, yaani redio ya mawimbi mafupi iliyowekwa parokiani, kwenye nyumba za biashara au katika ofisi za ndege ndogo zinazoruka kwenda vijijini. Simu za waya za shirika la posta la serikali zilikuwa zimechakaa tangu enzi nchi ilipoitwa Zaire, na uporaji wa mwaka 1991 na wa 1993 ulizidi kuichosha miundombinu ya nchi. Mtu aliyetaka kuzungumza na jamaa yake wa Butembo au Kisangani aliweka miadi, akafika saa iliyopangwa, akasema habari zake mbele ya wote waliokuwa chumbani. Msiba, mahari, deni, bei ya maharagwe: vyote vilisikika na yeyote aliyekuwa kwenye masafa yaleyale. Siri haikuwepo.

Hata hivyo Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kuwa na simu ya mkononi. Mwaka 1986 Miko Rwayitare, mfanyabiashara mwenye asili ya Rwanda, alianzisha Telecel mjini Kinshasa pamoja na Mmarekani Joseph Gatt. Mitambo yake ilikuwa ya analogi, simu zake zilikuwa nzito, na gharama yake iliwafaa mawaziri, maofisa wa jeshi na matajiri. Mwananchi wa kawaida aliziona kwa macho tu.

Zama za simu ya watu wote zilikuja na teknolojia ya GSM. Celtel, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, ilianza kazi nchini Kongo mwaka 2000. Mfanyabiashara wa Gambia, Alieu Conteh, aliyekuwa na kampuni ya Congolese Wireless Network, aliungana na Vodacom ya Afrika Kusini mwaka 2001, na Vodacom Congo ikafunguliwa mwaka uliofuata. Mashariki kulikuwa pia na Supercell. Nchi wakati huo ilikuwa imekatwa vipande: Kinshasa ilikuwa na serikali yake, na Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD. Kufunga minara katika mazingira hayo, ambapo mafuta ya jenereta hupita kwenye vizuizi vya watu wenye bunduki, kulihitaji ujasiri wa kibiashara ambao makampuni makubwa ya Ulaya hayakuuonyesha.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikateketeza mtaa wa biashara na kuingia katika Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi, na mamia ya maelfu walivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Goma ilijengwa upya juu ya mwamba mweusi, na ujenzi huo ulikwenda sambamba na kuenea kwa GSM. Familia zilizotawanyika zilihitaji namba ya kupatikana popote zitakapolala. Mji ambao haukuwahi kuwa na simu za waya za kutosha uliiruka hatua hiyo na kuingia moja kwa moja katika simu ya mfukoni.

Simu zilizoingia wakati huo zilikuwa nyingi za Nokia, mpya au zilizokwisha kutumika nje. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa duniani kiasi cha milioni 126 na kupata sifa ya kutovunjika. Lakini iliyowafaa zaidi watu wa mazingira kama ya Goma ni Nokia 1100 ya mwaka 2003. Ilikuwa na uzito wa gramu 86, tochi kichwani, na vitufe vilivyofunikwa kwa utando mmoja wa mpira ili vumbi lisipenye. Katika mji ambao barabara zake nyingi ni za mawe ya lava yanayosagika kuwa unga mweusi, sifa hiyo ya mwisho ilikuwa na thamani kuliko kioo cha rangi. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa ulimwenguni, na mwaka 2005 Nokia ilitangaza kuwa simu yake ya bilioni moja, ambayo ilikuwa 1100, imeuzwa Nigeria.

Miaka ile ya mwanzo simu moja ilitumiwa na nyumba nzima, wakati mwingine na mtaa mzima. Pembeni mwa barabara walikaa watu wa kabini, wenye meza, mwavuli na simu ya kulipia kwa dakika. Nokia ilitambua desturi hiyo iliyoenea Afrika na Asia: modeli ya 1200 ya mwaka 2007 iliwekewa vitabu vya majina hadi vitano ndani ya simu moja, pamoja na kipimo cha kukata mazungumzo muda au gharama iliyowekwa ikifika. Asiye na yuniti alibipi tu. Aliyepigiwa alijua nani anamtaka na, kwa kuhesabu milio, mara nyingi alijua pia sababu. Mfumo mzima wa mawasiliano ya bure ulijengwa juu ya simu inayoweza kulia tu na kuonyesha namba.

Mpaka nao ulikuwa na lake. Goma na Gisenyi ni miji inayogusana. Mtu hutoka mtaa wa Birere akavuka kizuizi kidogo kwa miguu, akafika Rwanda kabla jasho halijamtoka. Rwandacell, iliyoanza kazi mwaka 1998, ilikuwa na minara upande wa pili, na mawimbi ya redio hayaombi kibali cha uhamiaji. Wafanyabiashara wa mpakani, wengi wao akina mama wanaovusha mboga, unga na samaki, walitembea na laini za nchi mbili. Kwa kuwa simu za zamani zilikuwa na nafasi ya laini moja, walibadili laini kwa kufungua mgongo wa simu mara kadhaa kwa siku, au walinunua simu mbili. Simu za vitufe za Goma zilichakaa mgongoni, kwenye kava na kwenye meno ya kushikia laini, kabla hazijachakaa kwenye vitufe.

Jambo moja lisisahaulike hapa, ijapokuwa linahusu pande zote za dunia. Ndani ya simu hizi mna vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyoitwa kapasita, na baadhi hutengenezwa kwa tantali, madini yanayopatikana katika koltani. Koltani huchimbwa Masisi, hasa Rubaya, kwa mikono na sururu, umbali wa kilomita zisizofika mia moja kutoka Goma. Mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafla katika soko la dunia, na Novemba ya mwaka huo RCD iliipa kampuni iliyoitwa SOMIGL haki ya pekee ya kuuza madini hayo nje. Udongo wa Masisi ulisafiri hadi viwanda vya Asia na Ulaya, ukarudi Goma ukiwa chembe ndani ya simu, na bei ya simu hiyo ikamshinda mchimbaji. Kuitumia kwa miaka ishirini ni sehemu ya hesabu hiyohiyo.

Uimara wa simu za vitufe huanzia kwenye umeme. Goma kwa muda mrefu ilitegemea shirika la taifa la SNEL, lililoleta umeme kutoka mabwawa ya mto Ruzizi karibu na Bukavu, na umeme huo haukutosha. Mitaa ilipewa zamu, na zamu nyingine hazikufika. Watu walichaji simu kwenye vibanda vyenye jenereta, kwenye betri za magari, baadaye kwenye paneli ndogo za jua. Mambo yalianza kubadilika Desemba 2015 bwawa la Matebe, lenye megawati 13 na ushei, lilipozinduliwa wilayani Rutshuru na nyaya zake baadaye kufika mjini, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilipowasha mtambo wa jua wa megawati 1.3. Lakini tabia ilikuwa imeshajengeka: simu njema ni ile inayokaa na moto siku nyingi. Nokia 1100, kwa maelezo ya kiwanda, iliweza kusubiri hadi saa 400 bila kuchajiwa. Kwa matumizi halisi ya mji wenye mawimbi dhaifu muda huo ulipungua sana, ila siku tatu au nne hazikuwa ajabu.

Hapo ndipo kuna siri ya umri mrefu ambayo wengi huihusisha na ugumu wa plastiki. Betri ya lithiamu huchakaa kwa idadi ya mara inapojazwa. Baada ya mizunguko kama 500 hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Simu janja inayochajiwa kila usiku humaliza mizunguko hiyo kwa mwaka mmoja na miezi michache. Simu ya vitufe inayochajiwa kila baada ya siku nne huhitaji zaidi ya miaka mitano kufika hapo. Hata ikichoka, betri yake hutolewa na nyingine kuwekwa bila bisibisi, jambo ambalo simu nyingi za kisasa zimelizuia kwa gundi.

Betri yenyewe, iitwayo BL-5C, inastahili historia yake. Ni kipande bapa cha volti 3.7 kilichotumika katika modeli nyingi za Nokia kwa miaka mingi. Agosti 2007 kampuni hiyo iliwatahadharisha wateja wake kuhusu betri milioni 46 za aina hiyo zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, kwa kuwa baadhi zilikuwa zikipata joto kali wakati wa kuchajiwa. Tahadhari hiyo haikuiondoa sokoni. Viwanda vya China viliiga umbo lake, kisha vikaanza kuiweka katika redio ndogo na spika za kuchezea muziki. Kwa hiyo Nokia ilipoacha kutengeneza simu zilizoitumia, betri iliendelea kuuzwa. Simu ya mwaka 2003 hupata betri mpya leo kwa sababu mtu mwingine anataka kusikiliza redio. Ubaya ni kwamba nyingi ni za bandia: huandikwa uwezo mkubwa kuliko uliomo, huvimba mapema, na betri iliyovimba husukuma kava mpaka simu ikakataa kufungika. Wajuzi huiweka betri juu ya meza laini na kuizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limeshajaa, haifai kununuliwa.

Chaja nayo ina mkasa wake. Nokia za zamani zilikuwa na tundu pana la milimita 3.5, kuanzia katikati ya muongo wa 2000 kampuni ilihamia kwenye tundu jembamba la milimita 2, na familia zikajikuta na chaja mbili zisizoingiliana. Tundu likilegea, suluhisho ni chaja ya kubana, ile ambayo Tanzania huitwa kobe: betri hutolewa, hubanwa kati ya meno mawili ya chuma, hujazwa nje ya simu. Kwa njia hiyo simu iliyokufa mlango wa chaji huendelea kuishi miaka mingine.

Makao ya ufundi wa simu mjini Goma ni Birere, mtaa wa biashara uliobanana mpakani, ingawa meza za mafundi zimetapakaa pia karibu na soko la Virunga na njiani kuelekea Ndosho. Meza ya fundi haina mengi: kalamu ya lehemu, bisibisi ndogo, brashi ya meno, chupa ya spiriti, kipimo cha umeme, na kopo lililojaa maiti za simu. Kopo hilo ndilo ghala. Spika ya simu iliyopasuka kioo huhamia kwenye simu iliyoziba sauti, na kioo cha simu iliyoanguka ziwani, kama maji hayakukifikia, huhamia kwenye nyingine. Simu moja iliyodumu miaka ishirini yaweza kuwa imebadilishiwa kava mara tano, vitufe mara nne, maiki, spika na kioo, mpaka kilichobaki cha asili ni ubao wa saketi peke yake.

Kasoro zenyewe zinajulikana na hujirudia. Vitufe hugoma kwa sababu vijisahani vya chuma vilivyo chini yake vimeshika uchafu. Vikisuguliwa kwa spiriti hurudi kazini. Sauti ikififia, mara nyingi ni vumbi kwenye wavu wa spika. Simu iliyolowa hufunguliwa, husafishwa na hukaushwa kwa joto. Simu inayowaka na kuzimika huenda ikawa na programu iliyoharibika, na hapo hupelekwa kwa fundi mwenye kompyuta ili aiflashi upya. Ugonjwa usio na dawa ni ubao uliooza kwa kutu ya maji ya betri au ya chumvi ya jasho. Fundi huujua kwa kuutazama tu, na simu ya aina hiyo huishia koponi.

Urahisi huo wa matengenezo ulitokana na namna simu zilivyoundwa. Skrubu zilikuwa chache na za kawaida, sehemu zilishikana kwa kubanwa, na modeli nyingi zilishirikiana vipuri. Kijana aliweza kujifunza ufundi kwa kukaa miezi michache kando ya mkubwa wake, bila chuo wala cheti. Simu janja zilipokuja, mafundi hao walihamia kwenye vioo vya kugusa na vifaa vya bei, kwani ndiko kwenye fedha. Wapo walioacha kabisa vitufe. Wengine wamebaki navyo kwa hesabu rahisi: mteja wa kitochi hulipa kidogo lakini hurudi, na akirudi huleta na jirani.

Kitu kingine kilichoifanya simu kongwe isitupwe ni namba. Kampuni zilibadilika majina kama mitaa inavyobadilishiwa majina na kila utawala mpya. Celtel iliuzwa kwa kampuni ya MTC ya Kuwait mwaka 2005, ikageuka Zain mwaka 2008, ikachukuliwa na Bharti ya India mwaka 2010 na kuwa Airtel. Namba zinazoanza na 099 zilibaki zilezile. Congo Chine Télécoms ilinunuliwa na Orange ya Ufaransa mwaka 2011, na mwaka 2016 Orange ikaimeza Tigo. Mwenye simu hakubadili chochote, isipokuwa kadi za yuniti alizonunua zilibadilika rangi. Katika eneo ambalo nyumba huungua, vijiji huhamwa na anwani za posta hazipo, namba ya simu ndiyo anwani ya kudumu ya mtu. Ndugu aliyekimbilia Uganda au Tanzania huijua hiyohiyo, na mwenyewe huogopa kuipoteza. Majina mengi yalihifadhiwa kwenye laini au ndani ya simu bila nakala mahali pengine, na Nokia 1100 ilibeba majina 50 tu katika kumbukumbu yake. Wazee wengi hawakuamini mashine peke yake. Waliandika namba muhimu kwenye daftari, na wengine kwenye ukuta wa nyumba kwa makaa.

Fedha za simu zingeweza kuua simu za vitufe, kumbe ziliziongezea maisha. Vodacom ilileta M-Pesa nchini Kongo Novemba 2012, miaka mitano baada ya Kenya, na Airtel nayo ikaanzisha huduma yake kipindi hichohicho. Huduma hizo hazihitaji intaneti. Mteja hubonyeza nyota, tarakimu na reli, orodha ikajitokeza, akachagua kwa namba. Kinachotumika ni njia ileile ya 2G inayobeba ujumbe mfupi, kwa hiyo simu ya mwaka 2003 hutuma dola au franka sawasawa na simu ya mwaka huu. Mashirika ya misaada yalipoanza kuwapa wakimbizi wa ndani fedha badala ya unga, katika kambi zilizouzunguka mji kama Bulengo na Kanyaruchinya, simu ndogo ikawa pochi. Kwa maoni ya wengi hilo ndilo lililompa bibi wa kijijini sababu ya kuwa na simu yake mwenyewe badala ya kuazima ya mjukuu.

Serikali nayo iligusa historia hii, na mara nyingi kwa mkono mzito. Desemba 2011, baada ya uchaguzi wa rais, ujumbe mfupi ulizimwa nchi nzima kwa wiki kadhaa. Mazungumzo ya sauti yaliendelea, lakini viziwi, ambao kwao ujumbe mfupi ndiyo simu yenyewe, walikatwa kabisa. Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, ujumbe na intaneti vilifungwa tena, na tena kuanzia siku ya mwisho ya mwaka 2018 hadi wiki ya tatu ya Januari 2019. Septemba 2020 ikaja tozo ya RAM, iliyokatwa kwenye yuniti za kila simu kwa kufuata namba ya utambulisho wa kifaa. Simu za 3G na kuendelea zilitozwa dola 7 kwa mwaka, za 2G kiasi cha dola moja. Vyama vya kiraia viliipinga kwa nguvu, ikiwemo LUCHA, vuguvugu la vijana lililozaliwa Goma mwaka 2012, na tozo ikafutwa mwanzoni mwa 2022. Kwa muda huo mfupi serikali ilikuwa imewapa watu sababu ya ziada ya kubaki na simu kuukuu.

Soko lenyewe lilikuwa limeshabadilika mikononi mwa Wachina. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, iliyoasisiwa mwaka 2006, ililenga Afrika kwa majina ya Tecno na itel. Ilielewa mapema kile Nokia ilichokielewa kwa kuchelewa, kwamba mteja wa Kiafrika anataka laini mbili. Kwa watu wa miji ya mpakani kama Goma huo ulikuwa ukombozi wa kava la mgongo. Simu hizo zilikuja pia na redio ya FM, kadi ya kuhifadhi nyimbo, tochi kali na betri nene. Redio ilikuwa na uzito wake: Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, ikasikika kutoka mfukoni shambani na sokoni, na habari za vita zikafika bila kuwasha redio kubwa nyumbani. Ila wakongwe hulalamika, na si bure, kwamba simu hizi mpya hazina roho ya zile za kale: vitufe hufutika namba mapema, na mafundi husema ubao wake ni mgumu kutengenezeka. Nokia yenyewe iliuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft mwaka 2014, na jina likapita kwa HMD, iliyotoa upya 3310 mwaka 2017. Ulaya simu hiyo ilinunuliwa kwa kumbukumbu za ujana. Goma ile ya kwanza ilikuwa haijamaliza kazi.

Misukosuko ya karibuni ilithibitisha mengi. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji kwa siku kumi na ushei. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Lava ilisimama pembezoni mwa mji, umeme ukakatika katika mitaa mingi, na siku tano baadaye mamlaka iliamuru mitaa kumi kati ya kumi na minane ihamwe. Watu walikimbilia Sake, Gisenyi na Bukavu, wengine kwa mashua, na katika safari ya namna hiyo simu yenye moto wa siku mbili ina thamani kuliko simu ya bei iliyozimika saa sita mchana. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma kwa mara ya pili. Umeme, maji na intaneti vilikatika, benki zikafungwa na kubaki zimefungwa kwa miezi, uwanja wa ndege ukasimama. Fedha za simu zikawa njia kuu ya kuishi mjini, japokuwa kupata noti taslimu kulikuwa na makato ya kuumiza. Simu janja ilikuwa pia kishawishi kwa mwenye silaha barabarani, na ina picha na mazungumzo ambayo yangeweza kumponza mwenyewe. Kitochi hakimvutii mwizi wala hakina mengi ya kusomwa.

Sifa hiyo isichukuliwe kuwa ulinzi kamili. Simu ya 2G husema ilipo kwa mnara sawa na nyingine yoyote, na usimbaji wake wa sauti ni wa zamani na ulivunjwa na wataalamu kitambo. Anayezungumza siri kwenye kitochi amejificha machoni pa jirani tu.

Simu hizi sasa zinatishiwa na kitu kilicho nje yake. Betri hupatikana, kava hupatikana, mafundi wapo. Lakini kila simu ya 2G huishi kwa mnara wa 2G, na kwingineko minara hiyo inazimwa ili masafa yake yatumiwe na 4G na 5G: Australia na Japani zilimaliza zamani, na Afrika Kusini imekuwa ikijadili tarehe. Nchini Kongo 2G ingali hewani, kwa kuwa katika sehemu nyingi nje ya miji mikubwa ndiyo pekee inayofika. Siku itakapozimwa, simu iliyookoka lava na vita haitaonyesha hata mstari mmoja wa mtandao, na uamuzi huo utafanywa Kinshasa na katika makao ya kampuni za simu, mbali na meza za Birere.